Mbwa Mwingine Ndani ya Watasema

Juzi nilimpeleka mwanangu kung'olewa jino. Daktari alifungua kiboksi cha glavu, akavuta moja, na ule unga mweupe wa ndani ukaruka kidogo hewani. Mwanangu ndiye aliyekaa kwenye kiti, lakini aliyeshika ukuta ni mimi. Kwa watu wengi harufu ile ya mpira na unga ni harufu ya hospitali tu. Kwangu ni harufu ya Burungu, kijiji chetu kule milima ya Kivu, ya baraza letu la udongo, na ya mbwa aliyelaza kichwa mapajani mwangu akingoja shindano, ndivyo kwetu tunavyoita dawa ya kuchomwa kwa sindano.

Aliitwa Watasema. Papa, yaani baba yangu, alikuwa ametumwa sokoni Kitchanga kuleta mbuzi, akarudi na mbwa mdogo ndani ya koti. Mama akamuuliza majirani watasema nini wakisikia tumeacha mbuzi kwa ajili ya mbwa. Papa akajibu, "Watasema." Jina likabaki hapo. Papa hakukaa sana nyumbani. Alifanya kazi Mubi, huko Walikale, kwenye duka la mfanyabiashara mmoja wa Butembo, na kutoka kwetu hadi kule njia ilikuwa mbaya, ya matope na ya hofu. Kwa hiyo mbwa alikua pamoja na sisi wawili, mimi na Mama. Alilinda ng'ombe wetu wachache na shamba la viazi, letu na la jirani yetu Papa Bahati, maana mashamba yetu yaligusana na yeye hakujua mpaka. Ukungu ukishuka juu ya malisho, mtu haoni hata mkono wake, Watasema aliweka pua chini na kwenda moja kwa moja mahali ndama aliposimama. Nyinyi mliokulia milimani mnajua ndama mmoja aliyepotea anaweza kuharibu usingizi wa nyumba nzima. Kwetu hakuna ndama aliyelala nje.

Halafu nikaanza kuona matone ya damu kwenye baraza. Nilidhani amejigonga. Akawa anapiga chafya, na akilala, pumzi yake inapiga filimbi. Upande mmoja wa uso wake ukavimba chini ya jicho. Nikimtupia kipande cha kiazi, alikitafuta kwa macho, akikizunguka kama kipofu, na mara nyingine alikikanyaga bila kukinusa. Kule malisho, ndama walianza kutupotea.

Papa alirudi likizo wakati mvua zimekaza. Alipanda kilima jioni, amevaa koti jipya la plastiki, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Watasema, ambaye zamani alikuwa akimsikia Papa angali mbali bondeni, alisimama katikati ya njia na kunguruma. Papa akacheka. "Watasema, ni mimi." Akanyoosha mkono. Mbwa akamrukia, akakamata mkono wa koti na kuupasua, na alipoachia, kiganja cha Papa kilikuwa kimejaa damu. Haikuwa damu ya Papa. Ilikuwa imetoka puani mwa mbwa. Lakini Papa Bahati, aliyekuwa anapita na jembe lake, aliona damu, akaona meno, na hakuhitaji kuona kingine.

Sitaki mumfikirie vibaya. Mwaka uliotangulia mtoto wa dada yake alikuwa ameng'atwa na mbwa mwenye kichaa, na Papa Bahati ndiye aliyemshika mtoto yule siku za mwisho, mtoto akiogopa hata kikombe cha maji. Alisimama kwenye uzio wetu, akamwita Papa kwa jina langu, na sauti yake ilikuwa ya chini.

"Papa Tuliza, mbwa yenye kusahau bwana yake haiko mbwa tena. Acha niimalize leo."

"Ngoya kwanza," Papa akasema. "Dokta wa ngombe anakuya kesho kutwa kuchanja. Aiangalie."

"Na ikiuma mutoto mbele ya kesho kutwa?"

"Nitaifunga."

"Ifunge. Lakini siku nitaikuta bila kamba, sitauliza muntu."

Papa akamfunga kwa kamba ya ng'ombe kwenye nguzo ya baraza. Siku zile mbili nilikula nikiwa nimesimama, ili nimwone.

Dokta Faida alifika kwa moto, pikipiki yake, mwanamke mfupi mwenye buti za plastiki, ambaye aliongea zaidi na ng'ombe kuliko na watu. Alipomaliza kuchanja, alimwekea Watasema sahani ya maji, akarudi nyuma na kungoja. Watasema akanywa yote. Ndipo Dokta akavaa glavu, akamfungua mdomo, akamulika puani kwa tochi, akakaa hivyo muda mrefu. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango.

"Haiko kichaa," akasema. "Ni kansere. Lakini iko na namna yake. Hii nyama yenye inaota mu pua, haiko nyama ya Watasema. Ni ya mbwa ingine. Alinusa mbwa mugonjwa, kipande kidogo kikaingia, kikashika, kikaanza kukomaa."

Papa alimtazama kama mtu anayetaniwa. "Nyama ya mbwa ingine, ndani yake?"

"Njo vile. Iko hai, na inakula kwake."

"Na dawa?"

"Dawa iko. Nitaitafuta Goma. Ni ile ile wanapatia watu. Kila wiki shindano moja mu mushipa, mpaka ile nyama iishe. Lakini musijidanganye, hii dawa ni sumu. Ikimwagika inje ya mushipa, inachoma ngozi. Mikojo yake ao matapishi, musiguse na mikono mitupu. Inaua."

Mtu mzima husikia maneno kama hayo, akachagua ya kushika na ya kuacha. Mtoto hubeba yote. Nyuma ya mlango ule nilielewa kwamba kuna mbwa mwingine ndani ya Watasema, mzima, mwenye meno, amejikunja katika pua yake kama mtu anayepanga chumba kwa nguvu. Na mara moja kila kitu kikapata maana. Aliyemngurumia Papa si Watasema. Ni yule mwingine, ambaye hakumjua Papa kwa sababu hajawahi kumwona. Nilifarijika sana. Kisha nikakumbuka neno la mwisho. Kama dawa inaua, na ndani ya ngozi moja wamo mbwa wawili, dawa itajuaje yupi wa kuua?

Papa Bahati alikubali kungoja, mradi kamba isitoke. Papa akarudi Mubi. Wiki iliyofuata Dokta alileta chupa ndogo ndani ya termosi, na tukamlaza Watasema barazani. Mama alishika kiuno, mimi kichwa. Dokta alinyoa kipande kidogo cha mguu wa mbele, akafunga mpira, akavaa glavu, na ile harufu ikajaa.

"Asitikisike," akasema. "Akitikisika dawa ikitoka inje, tutapoteza muguu."

Nilihisi moyo wake ukigonga goti langu. Niliinama sikioni mwake nikamnong'oneza: jifiche, rudi nyuma kabisa, mwache yeye mbele. Dawa ikaingia polepole. Dokta hakupumua, Mama hakupumua, na ng'ombe mmoja alilia kule chini kama mtu anayetuita. Sindano ilipotoka, Mama alikaa chini kwenye udongo, miguu imenyooka, kama aliyetoka kubeba mzigo mrefu.

Baada ya hapo Watasema alianza kutapika. Mama alivaa mifuko ya plastiki mikononi, akazika matapishi kwa jembe, akamwaga majivu juu. Aliacha kumgusa bila mifuko ile, yeye aliyekuwa akimkuna tumbo kwa kidole cha mguu kila jioni, na mimi niliona kwamba ameshaanza kumwacha. Watasema hakutaka viazi, hakutaka maharage. Alikunywa maziwa kidogo kutoka kwenye kifuniko cha sufuria, na baadaye hata hayo akayageuzia uso. Masharubu yake yakaanza kuanguka. Asubuhi niliyakuta juu ya gunia alilolalia, magumu kama nyuzi za ufagio. Baada ya shindano la pili hakuweza kusimama bila kuegemea nguzo.

Watu wazima waliona jambo lingine. Waliona damu imekoma, waliona uvimbe chini ya jicho umepungua. "Inasaidia," Mama alisema kwenye simu, akimwambia Papa, akitembea huku na huku juu ya kilima kutafuta rezo, mtandao wa simu. Mimi niliona kwamba yule mwingine amenyamaza, amejificha vizuri, na anayekufa ni wetu.

Nilimwuliza Mama alipokuwa anamenya viazi. "Mama, dawa inajuaje mbwa gani ya kuua?"

Hakuinua macho. "Dokta njo anajua. Lete maji."

Labda ningetulia na jibu hilo. Lakini jioni moja nilimsikia akiongea na Papa Bahati kwenye uzio. Papa Bahati aliuliza mambo haya yataendelea mpaka lini, watoto wa kijiji hawachezi nje. Na Mama akamjibu kwa sauti ya kuchoka: "Vumilia, Papa Bahati. Kesho ni shindano ya tatu. Kidogo tu, na itakufa."

Itakufa. Nyinyi mnaosema Kiswahili kama chetu cha Kivu mnajua shida yangu. Kwetu mbwa ni "i" na kansere ni "i", na viti na milima na vita vyote ni "i", na mtu akisema "itakufa" ni wewe unayetakiwa kujua anasema nini. Mimi nilijua. Wamekubaliana, nikawaza. Papa Bahati alitaka kumwua kwa mkuki, Mama amechagua kumwua taratibu, na Dokta ndiye anayeleta sumu.

Kesho yake, nilipotoka shule, nilisikia moto ya Dokta ikipanda kutoka bondeni. Mama alikuwa mtoni. Nilifungua kamba.

Tulipanda kuelekea malisho ya juu. Watasema alinifuata kwa sababu alizoea kunifuata, lakini kila baada ya hatua chache alilala, na mimi nikamsubiri, halafu nikamvuta, halafu nikambeba upande wa mbele huku miguu yake ya nyuma ikiburutika kwenye nyasi. Ukungu ulishuka kutoka kwenye mikaratusi. Nilifurahi kwamba utatuficha, kisha nikaogopa kwamba sijui tena nyumba iko wapi. Chini kule nilisikia Mama akiniita. Baadaye sauti nyingine, ya mwanamume, ikamwambia mtu: "Kamba iko tupu."

Kulikuwa na birika la saruji ambamo ng'ombe walinyweshwa. Nilijibanza nyuma yake na kumfunika Watasema kwa sweta langu la shule. Alikuwa mwepesi, mifupa yake ikinichoma. Nilisikia viatu kwenye majani mabichi, vikasimama, vikaendelea, vikasimama tena. Sikujua viko upande gani.

Hapo Watasema akainua kichwa. Pua yake ilianza kucheza, ikifunguka na kujifunga, na nikatambua kwamba hewa inaingia na kutoka bila ile filimbi. Aligeuza kichwa kuelekea mahali ambapo mimi sikuona kitu, ukungu tu mweupe. Mkia wake ukapiga nyasi mara moja. Ukapiga tena.

Papa Bahati akatoka katika ukungu, karibu kuliko nilivyofikiri, mkuki mkononi.

"Tuliza, toka hapo."

"Hapana."

"Toka, mama. Sitaki kukuumiza."

Nilimkumbatia mbwa kwa nguvu, lakini mikono yangu ilikuwa imekufa kwa baridi, na yeye akajiponyoa. Alisimama akiyumba, akaenda. Si kwa kukimbia. Alitembea kama mzee anayekwenda kusalimia wageni. Mkuki ulishuka mpaka ncha ikawa mbele ya kifua chake. Watasema akapita kando yake, akaweka pua kwenye goti la Papa Bahati, akapandisha mpaka kwenye kiganja, akanusa kidole kwa kidole, na mkia haukusimama.

Papa Bahati hakusogea. Sijui alisimama hivyo kwa muda gani, ila nakumbuka maji ya ukungu yakidondoka kutoka kwenye kofia yake.

"Amenijua," alisema mwishowe, na hakuwa anasema na mimi. "Hata mbele ya kuniona, amenijua."

Akauweka mkuki juu ya nyasi, akavua koti, akamfunga mbwa ndani yake na kumbeba kifuani. Mimi nilibeba mkuki. Tulishuka nyumbani.

Mama alinishika mikono yote miwili, akanitazama. Dokta alikuwa amekaa barazani, kila kitu kimepangwa juu ya kitambaa. Nililia nikamwuliza yeye swali langu, lote, pamoja na yule mbwa mwingine, pamoja na "itakufa". Nilitegemea wacheke. Mama alifunika mdomo kwa mkono. Dokta alivua glavu alizokuwa ameshavaa, akaniita nikae karibu naye.

"Dawa haijui kitu," akasema. "Sitakudanganya. Inapiga chenye kinakua mbio. Ile nyama mbaya inakua mbio sana, njo maana inakufa ya kwanza. Lakini tumbo ya Watasema, na masharubu yake, na damu yake, vinaumia na vyenyewe. Dawa haichague. Kuchagua ni kazi yetu. Mimi ninapima kidogo kidogo. Mama yako anamulisha, anazika uchafu ili wewe usigonjwe. Wewe unashika kichwa. Tukiacha hiyo kazi, ataenda pamoja na kansere."

"Na ile mbwa ingine?"

"Haina macho, haina meno. Ni kanyama tu kenye kalitoka kwa mwenzake."

"Sasa nani alingurumia Papa?"

"Ni yeye. Harufu ilikuwa imekwisha mu pua yake. Aliona muntu hamujui anaingia kwenu. Aliogopa."

Jibu hilo liliniuma kuliko yote. Nilikuwa nimempenda yule mbwa mwingine kwa kazi moja, ya kubeba lawama. Sasa nilipaswa kukubali kwamba yule ninayempenda ndiye aliyenguruma, na kwamba wanaompenda ndio wanaompa sumu. Sikuwa na umri wa kulibeba vizuri. Nilimshika kichwa tu. Dokta alifungua midomo ya Watasema, akatazama ufizi, akarudisha sehemu ya dawa ndani ya chupa. "Amechoka," akasema. "Leo tutamupa kidogo."

Wiki iliyofuata Dokta hakuja. Risasi zililia upande wa Kitchanga na moto zikaacha kupanda. Simu yake haikupatikana. Watasema alikuwa ameanza kula, lakini usiku wa pili nilisikia pumzi yake ikianza tena ile filimbi ndogo, nikamwamsha Mama, na tukakaa tukiisikiliza hadi kukakucha. Tulijua wote wawili maana yake. Asubuhi Papa Bahati alipita akauliza mbwa iko namna gani. Mama akamwambia. Mzee aligeuka hapo hapo. Alirudi kwake, akavaa buti, akachukua njia ya milimani, ile ambayo hata wachungaji walikuwa wameiacha.

Kutwa nzima mke wake alisimama kwenye uzio wetu. Alituambia tu, "Nilimukataza." Jioni walitokea wawili, matope mpaka kiunoni, Papa Bahati mbele, Dokta nyuma akikumbatia termosi kama mtoto mchanga. Siku ile Papa Bahati ndiye aliyeshika miguu.

Baada ya hapo njia ilitulia, na mashindano ya dawa yakaenda bila kuruka wiki. Siku Dokta alipomulika pua mara ya mwisho, alizima tochi na kusema, "Imekwisha."

"Nini imekwisha?" nikauliza haraka.

"Kansere," akasema, na kwa mara ya kwanza nilimwona akitabasamu. "Mbwa amebaki."

Hatukukaa sana na furaha hiyo. Kabla viazi havijakomaa, vita vilipanda kilima chetu asubuhi moja, na tuliokuwa na miguu tuliondoka. Mama aliamua tushike njia ya Walikale, tumfuate Papa Mubi, na Papa Bahati na mke wake wakaja nasi, kwa kuwa hawakuwa na mahali pengine. Tulikusanyika na majirani kwenye migomba nyuma ya nyumba. Wanaume walisema hakuna kuongea, hakuna kuwasha simu, mtoto akilia mfunike mdomo. Milio ilikuwa karibu, upande wa pili wa mto. Hapo ndipo tulipoona kwamba Watasema hayupo. Ng'ombe walikuwa wametawanyika, na bila shaka alikuwa amefuata ndama, kama kazi yake ilivyokuwa.

Nilifungua mdomo nimwite, na Mama akaufunika kwa kiganja chake. Alikuwa analia, lakini kiganja hakikulegea. "Twende," akasema mtu.

Papa Bahati alitua godoro alilobeba kichwani. Alitoka kwenye migomba, akasimama mahali peupe, akageukia malisho, na kuita kwa sauti yake yote, jina la yule mbwa, mara nyingi kuliko ilivyokuwa salama. Mke wake alimvuta shati. Hakugeuka. Sauti yake ilikwenda juu ya kilima, na sisi wote tuliinama tukingoja kitakachojibu.

Alikuja akiteremka kupitia shamba la viazi, masikio nyuma, tope hadi tumboni. Hakubweka. Aliingia kati yetu, akanusa mkono wa Mama, akanusa wangu, akanusa wa mke wa Papa Bahati, kila mmoja kwa zamu yake. Mwisho alikwenda kwa Papa Bahati, akaweka pua kwenye kiganja chake na kuiacha hapo mpaka mzee aliposema polepole, "Sawa. Tuko wote." Ndipo akashika njia mbele yetu, pua chini, nasi tukamfuata.